Matete Thelathini ya Baba

Kwa muda wa majuma matatu katika maisha yangu nilikuwa mwanasayansi mkubwa. Nilikuwa nimegundua kwamba mahindi ya Moiben hayakui kama mahindi mengine. Yalikua polepole kwa siku sita, kisha siku ya saba yakaruka. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na saba, nasoma sekondari ya misheni kule magharibi, na ushahidi nilikuwa nao: matete thelathini yaliyokatwa kwa kisu, kila moja refu kuliko lililotangulia, pamoja na grafu niliyoichora kwa penseli iliyochongwa mpaka ikawa sindano. Aliyenitazama vibaya bwenini siku hizo nilimhurumia tu, kwa sababu hakujua anamtazama nani.

Mambo yalianza mwishoni mwa muhula wa kwanza. Mwalimu wetu wa sayansi, mtu mfupi mwenye haraka ya kuku, aliingia darasani na karatasi mkononi akatueleza kwamba likizo ya Agosti kutakuwa na kozi ya wiki tatu kwenye kituo kimoja cha utafiti wa mazao. Vijana wangelala huko, wangetumia hadubini, wangefanya utafiti wao wenyewe pamoja na wataalamu. Nafasi zilikuwa sita, kwa shule zote za Waafrika. Mimi hadubini nilikuwa nimeiona mara moja tu, ikiwa imefungiwa kabatini, na tangu siku hiyo nilikuwa naiota. Niliitaka nafasi ile kwa tamaa ambayo hata kuisema naona haya.

Fomu ilitaka barua ya mwalimu, alama za mtihani, na kazi moja ya kuchunguza: chagua kitu kimoja kinachokua nyumbani kwenu, kipime kila siku kwa siku thelathini, andika ulichokiona. Aliyeandika maagizo hayo hakukumbuka kwamba wengi wetu tulilala bweni. Chini kabisa palikuwa na mstari wa kutia sahihi kwamba kazi yote umeifanya kwa mkono wako mwenyewe.

Nyumbani kwetu ilikuwa shamba la Kaburu mmoja upande wa Moiben, mwendo wa saa kadhaa kutoka mjini kwa lori. Baba alitoka magharibi kabla sijazaliwa kuja kutafuta kazi, akapewa ng'ombe wa kulima, akakaa. Alikuwa dereva wa maksai kumi na sita, na sauti yake aliisikia kila mtu bondeni isipokuwa sisi watoto wake, kwa maana nyumbani alizungumza kama mtu aliye kanisani. Kanisani kwenyewe ndiye aliyepiga ngoma ya kuita watu. Kusoma hakujua. Alijua herufi ya kwanza ya jina lake, na hiyo aliichonga kwenye mpini wa kila jembe tulilokuwa nalo.

Mwaka ule mvua ilichelewa. Nilikaa likizo nzima ya Aprili nikitazama udongo, na mahindi yakaja kuchungulia zikiwa zimebaki siku mbili nirudi shuleni. Basi nikamchukua baba mpaka pembeni mwa shamba letu dogo, karibu na njia aliyopita kila alfajiri kwenda kuwafunga maksai nira, nikamwonyesha mche mmoja.

"Huu, baba. Unanyoosha jani la juu hivi, unaweka tete kando yake, unakata pale jani linapoishia. Asubuhi, ukienda kazini. Moja kila siku, mpaka yafike thelathini."

Akachuchumaa akautazama ule mche kwa muda.

"Na mvua ikiosha udongo hapa chini? Tete itaingia ndani. Itakuwa uongo."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Akaenda mtoni akarudi na jiwe bapa, akalizika pembeni mwa shina mpaka likawa sawa na ardhi, akalikanyaga, akalitikisa, akalikanyaga tena. Tangu hapo kila tete lilisimama juu ya jiwe lile. Nami nikapanda basi kurudi shuleni nikiwa nimemwachia mtu mwingine kazi ambayo ningeapa ni yangu.

Matete yalifika katikati ya Juni, yamefungwa kwa kamba ya katani ndani ya gunia la unga, yameletwa na kondakta wa basi aliyetoka kijiji kimoja na mama. Nikayapanga juu ya kitanda kwa urefu, nikayapima kwa rula, nikaandika siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka ya thelathini. Nilipochora grafu ndipo moyo uliponiruka. Mstari ulipanda vizuri kwa siku sita, ukaruka. Ukapanda siku sita, ukaruka. Katika juma la nne palikuwa na mruko mmoja uliokuja kabla ya wakati wake, mkubwa kuliko yote, karibu urefu wa kiganja changu kizima.

Nilirudia kupima mara tatu. Kisha nikakaa nikaandika kurasa nne za Kiingereza kizito. Nilisema mmea hujikusanyia nguvu ardhini kwa siku sita na kuitoa yote siku ya saba. Ule mruko mkubwa nilisema ni nguvu iliyolimbikizwa kwa majuma kadhaa. Nikatia sahihi pale pa mkono wangu mwenyewe bila hata kupepesa macho. Mwalimu alisoma akakuna kichwa.

"Una hakika?"

"Nina hakika, mwalimu."

"Basi Mungu akusaidie," akasema, akatia sahihi yake.

Mwezi wa Julai nikaitwa kwenye usaili mjini. Sisi tuliuita mji ule Sisibo, jina la watu wa pale, ingawa kwenye barua iliandikwa Eldoret. Usaili ulikuwa Jumatatu, na niliagizwa nilete matete yenyewe. Shule ikaniruhusu nipitie nyumbani, nikafika Jumamosi mchana nikiwa nimevimba kifua. Baba alikuwa ameketi nje akipaka mafuta ngozi za nira. Sikungoja hata chai. Nilimfungulia grafu mapajani nikamweleza habari za siku ya saba.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akafuata mstari kwa kidole chenye mafuta, akaacha alama ambayo mpaka leo ipo.

"Hapa inaruka," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Na hapa."

"Ndiyo!"

"Hapa si ni Jumapili?"

Nikamwuliza ana maana gani. Akaniambia kwa upole, kama mtu anayekueleza kwamba umevaa shati lako ndani nje, kwamba Jumapili hakukata. Angekataje? Jumapili hakuna kazi, wala hashiki kisu shambani siku ya Bwana. Nilimwambia akate akienda kazini, naye alikata akienda kazini; tete la kila Jumatatu likabeba urefu wa siku mbili. Akaingia ndani akatoka na tikiti yake, ile karatasi ngumu ambayo karani wa shamba aliitia alama kila siku uliyofanya kazi. Ilikuwa na miraba thelathini. Ikijaa yote, mwezi wako umekwisha, hata kama mwezi wa angani ulishakufa ukazaliwa tena. Kila alipotiwa alama moja aliongeza tete moja. Karatasi na fungu vilikuwa vimejaa siku moja, jambo ambalo lilimfurahisha sana.

Mimi nilizaliwa katika shamba lile. Nilijifunza kuhesabu kwa kidole juu ya tikiti ile ile. Hapakuwa na mtoto wala mbwa katika kambi yetu asiyejua kwamba siku bila kazi haimo. Lakini miaka mitatu ya kengele za shule na kalenda ya ukutani ilikuwa imelifuta hilo kichwani mwangu, na badala ya kujionea haya mimi, nilimgeukia yeye.

"Umeniharibia!" nikapiga kelele. "Nimewaandikia wazungu kwamba mahindi yanaruka! Na huu mkubwa hapa? Hii si Jumapili moja. Hizi ni siku ngapi hukukata?"

Baba alirudi kwenye ngozi zake akaanza kupaka ile aliyokwisha kuipaka. Aliyejibu alikuwa mama, aliyesimama mlangoni na ungo mkononi, na sauti yake sikuwahi kuisikia ikiwa hivyo.

"Siku nne, na Jumapili ikawa ya tano. Muulize alikuwa wapi."

"Wacha, mama," baba akasema.

"Siwachi. Alikuwa amelala hapo ndani na kifua. Hawezi kugeuka, hawezi kumeza uji. Usiku tukaimba mpaka asubuhi, watu wa kanisa wote wamejaa hapa, tunafikiri anatuacha. Nikasema niandikiwe barua uje, akakataa, eti una masomo. Nikasema basi mimi niende nikukatie hiyo tete yako. Akakataa. Eti aliyetumwa ni yeye, mkono mwingine utapima vingine. Jumatatu akaamka anashika ukuta, akaenda. Ndiyo hiyo unapigia kelele."

Nilitazama grafu. Kiganja kizima cha mruko, nami nilikuwa nimekiandikia ukurasa mzima kuhusu nguvu ya ardhi. Nikaingia nyumbani nikajilaza kwenye kitanda kile kile alichougulia, nikalia kama mtoto mdogo, wala sikujali nani ananisikia. Baba alikuja baadaye akaketi ukingoni. Hakunigusa, wanaume wa rika lake hawakugusa watoto wakubwa. Aliuliza tu kama kuna njia ya kurekebisha.

Nikamwambia iko. Naweza kunyamaza. Wao hawajui habari za tikiti. Nikisimama na kurasa zangu nne huenda wakanichukua. Nikisema kweli itabidi niseme pia nani alikata, na nilishaapa kwamba ni mimi.

"Uliapa?" akauliza. Nilisikia jinsi alivyolitamka neno hilo, nikajua hata kabla hajaondoka kwamba kunyamaza hakutawezekana.

Jumatatu tulipanda lori la maziwa, tukakaa katikati ya mapipa. Baba aliomba ruhusa kwa nyapara, kwa hiyo siku ile haikuingia kwenye tikiti yake. Alivaa koti la kanisani, na fungu la matete alilibeba yeye mapajani njia nzima, akilikinga na mitikisiko kwa mikono yote miwili.

Chumba cha usaili kilikuwa katika ofisi za serikali, na nyuma ya meza ndefu walikaa watu watatu: afisa wa elimu aliyekuwa na saa mezani, mwalimu mmoja Mwafrika aliyeniangalia kama ndugu, na mzee wa kizungu aliyevaa sweta lililotoboka kiwiko. Baba alibaki barazani. Mzee wa sweta ndiye aliyekuwa mtafiti. Alikuwa na kurasa zangu mkononi na alionekana amezipigia mistari mingi.

"Nimepanda mahindi miaka ishirini na mitano," akaniambia, "wala hayajaruka hata siku moja. Hebu nieleze."

Nikapiga moyo konde nikaeleza yote, kuanzia mche na jiwe mpaka tikiti na Jumapili na kifua cha baba, Kiingereza changu kikikatika katikati na mimi nikikiunganisha. Nilisema sikuona mche ule hata siku moja tangu nilipoondoka. Nilisema sahihi ile ni uongo. Yule mwalimu Mwafrika akainamisha kichwa. Afisa wa elimu akaandika jambo fupi.

Mzee akauliza kama matete ninayo. Nikasema yako nje, na baba. Akaomba aitwe.

Baba aliingia na kofia kwapani, akafungua kamba mwenyewe. Mzee hakumwuliza jina. Alimwuliza kuhusu jiwe. Baba akachuchumaa pale pale sakafuni, na koti lake la kanisani, akamwonyesha kwa mikono jinsi lilivyokaa, jinsi alivyosubiri upepo utulie kabla ya kunyoosha jani, jinsi alivyokinoa kisu ili tete lisipasuke. Walielewana kwa Kiswahili cha shambani, kila mmoja na makosa yake, kama watu waliolima pamoja. Kisha mzee akaanza kuyapanga matete juu ya meza, akaacha nafasi kwa kila Jumapili, na mahali pa juma la nne akamtazama baba.

"Ngapi?"

"Tano," baba akasema, akainua mkono wazi.

Akaacha nafasi tano. Vichwa vya matete vikapanda kutoka mwisho mmoja wa meza mpaka mwingine bila kuruka hata mahali pamoja. Wengine wote walikitazama kitu kile. Mimi nilimtazama baba. Alikuwa anayahesabu tena kwa midomo, asije akawa amekosea.

"Kazi hii ni safi," mzee akasema.

"Ni safi," afisa wa elimu akakubali, "lakini si ya mwombaji."

Mzee alikusanya matete yote, akayafunga kwa kamba ile ile, akampa baba kwa mikono miwili.

Barua ilinifikia shuleni kabla ya kufunga muhula. Walishukuru kwa ukweli wangu, walisikitika, walinikaribisha kuomba tena. Nafasi sita zilikwisha. Nimeishi muda wa kutosha kukubali kwamba walikuwa na haki, ila siku ile sikukubali hata kidogo. Niliikunja ile barua mara nyingi mpaka ikawa ndogo kama tembe ya kwinini. Nilijiona mjinga niliyesema kweli bure. Baya zaidi, nilifikiria uso wa baba akiisikia, maana nilijua atadhani ni Jumapili zake ndizo zilizoninyima.

Na ndivyo alivyodhani. Nilipofika nyumbani mwanzoni mwa Agosti nilimsomea barua, nikaitafsiri kwa uangalifu, nikarudia mara mbili kwamba kosa lilikuwa ni sahihi yangu na kwamba kipimo chake walikisifu. Aliitikia kwa kichwa. Kisha akaniambia nimfuate nyuma ya nyumba.

Kulikuwa na kitalu kidogo, upana wa mkeka, kimezungushiwa miiba kuzuia kuku. Maharagwe yalikuwa yametoka ardhini siku ile ile au jana yake, bado yamekunja shingo. Pembeni mwa kila mche kulikuwa na jiwe bapa. Nilihesabu mawe kumi na mawili, na kutoka mtoni mpaka pale ni mlima.

"Hii ni yako," akasema. "Mimi sitashika. Mama yako hatashika. Upime wewe, hiyo fomu ikija mwaka kesho utie sahihi ukiwa umesimama sawa."

Niseme hapa, ili lisinisumbue, kwamba mwaka uliofuata niliomba tena nikachukuliwa, na hadubini niliitumia mpaka macho yakauma. Watu hudhani hiyo ndiyo sehemu ya hadithi ninayoipenda. Siyo. Ninayoipenda ni Jumapili ya kwanza ya Agosti ile.

Nyumbani kwetu mtu hakukosa kanisa labda awe hawezi kusimama. Nilikuwa nimekwisha kuvaa shati jeupe, mama ametangulia na wadogo zangu, baba amesimama uani na fimbo za ngoma mkononi. Akanitazama, akatazama upande wa kitalu.

"Wewe baki," akasema.

"Baba, ni Jumapili. Nitapima nikirudi."

"Jana ulipima jua likiwa wapi?"

Nikamwonyesha. Mahali pale jua lingefika tukiwa katikati ya mahubiri.

"Basi baki," akasema tena, akaondoka haraka, kama anayeogopa kubadili nia. Nilisikia ngoma yake ikiita watu wote wa bondeni, nami peke yangu nikiwa nimepiga magoti kwenye maharagwe na rula mkononi. Baadaye mama alinisimulia kwamba mchungaji alimwuliza mbele ya watu kijana wake yuko wapi, kama anaumwa. Baba alisimama na kofia yake akasema haumwi, ni yeye mwenyewe aliyemwacha kazini, na dhambi ikiwapo iandikwe kwake. Kisha akaketi, na wimbo uliofuata aliuimba kwa ile sauti ya maksai.

Alirudi kabla ya wengine. Hakupitia ndani kuvua koti. Alikuja moja kwa moja mpaka kwenye miiba, akasimama upande wa nje asikanyage kazi yangu.

"Imeongezeka?"

"Imeongezeka, baba."

"Kama jana?"

"Sawasawa na jana."

Akachuchumaa polepole, kifua chake bado kilimsumbua, akaweka uso wake karibu na maharagwe yale akayatazama kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akitazama kitu chochote.

"Kumbe Yeye hapumziki," akasema. "Miaka yote hii namwacha peke yake shambani Jumapili."